Pedi Iliyovuta Kushoto

Habari zenu, watu wa Mungu. Mbona mnaitikia kama mmeamshwa sasa hivi? Najua, najua. Ukungu wa leo umeshuka mpaka dirishani, mabenchi ni ya baridi, na ibada ya pili tunaijua kwa usingizi. Sigombi. Hata mimi leo nimeamka na uzito wa ndoto, kwa hiyo nitawahubiria taratibu. Ombi langu ni moja tu: anayesinzia asikorome, maana Mzee Ambakisye wiki iliyopita alinipoteza kabisa kwenye hoja ya pili.

Somo mmelisikia likisomwa. Sasa nawapa mfano, na mfano wangu hauna mpanzi, hauna kondoo, hauna shamba la mizabibu. Una pedi.

Haya, akina mama, nani kacheka huko nyuma? Sisemi hiyo mnayoifikiria! Nasema pedi ya gemu. Kile kidude ambacho vijana wanakishika kwa mikono miwili, dole gumba huku, dole gumba huku, wanachezea gemu kwenye kompyuta. Kina vitufe vya kubonyeza, na kina vijiti viwili vifupi vya kusukuma kwa dole. Ukisukuma mbele, mtu wako kwenye kioo anakwenda mbele. Ukisukuma kushoto, anakwenda kushoto. Mmenipata? Vijana, wasaidieni wazee walio jirani yenu. Na nyie wazee msiseme mchungaji ameleta uhuni madhabahuni. Nisikilizeni kwanza, kunihukumu baadaye.

Palikuwa na baba mmoja, mgane, mwenye duka la steshenari kwenye mji mdogo wa milimani, mji wa ukungu kama huu wetu. Alikuwa anatoa kopi, anachapa barua za watu wanaoomba kazi, anapiga picha za pasipoti. Mtu mkimya. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na baba alimwita binti huyo "mama", kama mnavyowaita nyie mabinti zenu mliowapa majina ya mama zenu.

Sasa zamani, mke akiwa hai, aliyekuwa anaongea katika nyumba ile ni yeye. Baba akitaka kumwambia binti kitu, anamwambia mke. Binti akitaka kitu kwa baba, anapitia jikoni kwa mama yake. Nyumba za namna hiyo mnazijua, wengine mmetoka humo asubuhi ya leo. Mke akafariki. Wakaondoa matanga, na muda si mrefu binti akapata kazi nchi ya mbali, nchi ya theluji, kazi ya kuwatunza wazee wa watu. Akaenda. Wakabaki baba na binti, na simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mzima?"

"Mzima. Wewe je?"

"Mimi mzima. Umekula?"

"Nimekula."

Halafu kimya. Unasikia tu pumzi huku, pumzi kule. Mwisho baba anasema, "Haya mama, usije ukamaliza salio," na binti kapiga kwa intaneti ya bure, salio lenyewe haliguswi! Wanaagana. Baba anabaki ameishika simu, anaitazama. Alimpenda yule mtoto, jamani. Alimpenda sana. Ila maneno hayakuwa yake, yaliondoka na mkewe.

Lakini binti alikuwa na akili. Kabla ya kusafiri aliacha gemu moja kwenye kompyuta ya dukani, akaenda mnadani akanunua pedi ya bei ya chini kabisa, akamwambia, "Baba, Jumapili ukishatoka kanisani, washa hii. Mimi nitakuwa huko nimewasha yangu. Tutakutana humo ndani." Si gemu ya kupigana. Hakuna bunduki, hakuna pointi, hakuna anayeshinda. Ni ya kutembea tu.

Fumbeni macho kidogo. Fumbeni, nimewaruhusu. Ona nyasi, ndefu, zimefika magotini, na upepo unazilaza upande mmoja halafu unaziinua tena. Ona mto unaokwenda bila haraka. Ona mwezi umekaa chini chini, karibu na vilima, ingawa hakujawa usiku na hakutakuwa usiku; huko mwanga ni ule ule siku zote, rangi ya maziwa. Unaona kila kitu kwa juu, kama uko juu ya kilima unatazama bonde. Pana kisima cha mawe. Kando ya kisima amesimama mtu mdogo, mdogo kama kidole, amejifunga kilemba cha bluu. Huyo ni binti. Na huku anakuja mtu mwingine mdogo, ana blanketi jekundu begani. Huyo ni baba. Wanakutana. Hawaongei. Wanaanza kutembea katika zile nyasi, bluu na nyekundu, bega kwa bega, na nyasi zinafunguka mbele yao zinafunga nyuma yao.

Baba alikuwa anafunga mlango wa duka, anachemsha chai, anakaa. Jumapili baada ya Jumapili. Akawaambia majirani, "Jana nilitembea na mtoto." Wakadhani amerudi likizo. Wengine wakadhani baba wa watu amechanganyikiwa kwa upweke.

Fumbueni macho. Mzee Ambakisye, nimesema fumbueni.

Shida ikaanza kwenye pedi. Wenye magari hapa mnajua gari inayovuta. Usukani umeushika sawa, barabara imenyooka, gari yenyewe inataka kwenda kando. Vijana wa gemu nao wanasema hivyo hivyo: pedi inavuta. Ile pedi ya mnadani ikaanza kuvuta kushoto. Baba hajagusa kitu, ameiweka mezani anamimina chai, akigeuka anaona blanketi jekundu linatembea lenyewe kwenye nyasi. Pole pole. Kushoto, kushoto, mpaka linamkuta mwenye kilemba cha bluu, linamgonga begani, na bado linasukuma. Siku moja likamsukuma binti mpaka mtoni. Chubwi! Baba akashika kichwa.

Akaona aibu. Akasema moyoni, mtoto amechoka na kazi, ana saa yake hii moja ya kupumzika, na mimi kazi yangu ni kumgonga kama ng'ombe kipofu. Hapana. Nitanunua pedi nzuri. Nitanunua nzuri kuliko zote, nitembee na mwanangu kwa heshima.

Basi akaenda kwa kijana anayeuza vifaa vya kompyuta, akiwa na pedi yake kwenye mfuko wa rambo, ule wa plastiki. Kijana akampangia pedi tatu juu ya kaunta. Bei nitawatajia kwa mifugo, tuelewane, maana za shilingi zitawakatisha tamaa ya kutoa sadaka. Ya kwanza ilikuwa bei ya jogoo. Ya pili bei ya mbuzi. Ya tatu, kijana aliitoa kwenye kabati la kioo, akaifuta kwa kitambaa kabla ya kuiweka. Hiyo ilikuwa bei ya ndama.

"Zinatofautiana nini?" baba akauliza. "Kwa macho naona ni ndugu wa tumbo moja."

"Mzee wangu, pedi hailinganishwi kwa macho. Kaa hapo uzijaribu."

Akamwashia gemu ya magari. Baba akashika ya jogoo. Akibonyeza breki, gari inafikiria kwanza. Inafika ukutani ndipo inakumbuka kwamba iliambiwa isimame. Mnaotuma watoto dukani, pedi hiyo mnaifahamu. Akaiweka. Akashika ya mbuzi. Hiyo haina waya, sikivu, vitufe laini, akakata kona mbili tatu vizuri, moyo ukamfunguka. Alipofika kona ya nne ikazima. "Chaji," kijana akasema. "Hiyo nzuri, ila inakula chaji, na mipira ya vijiti vyake inabanduka mapema. Nakwambia ukweli, mimi siuzi kwa kuficha."

Akashika ya ndama. Nzito kidogo kiganjani, uzito wa kitu kilichotulia. Akigusa, gari imeshakwenda. Ikipita kwenye kokoto, pedi inatetemeka taratibu mpaka akadhani barabara imo mkononi. Baba akasahau yuko dukani. Akaendesha kimya, milima inapita, mabonde yanapita, mpaka kijana akakohoa.

"Kazi yake naiona," baba akasema. "Lakini kutoka mbuzi mpaka ndama, kijana, ni mwendo."

"Ya mbuzi utarudi hapa mwakani, mzee. Hii utazeeka nayo. Sasa iachie."

"Niachie nini?"

"Iachie pedi. Weka mezani, toa mikono. Pedi unaipimia hapo, usipoishika."

Baba akatoa mikono. Wakatazama kioo wote wawili. Kitu hakikusogea. Tuli. Kisha kijana akachomeka ile ya kwenye mfuko wa rambo, naye akatoa mikono, na mtu wa kwenye kioo akaanza safari yake. Kushoto, kushoto, mpaka akatoka nje ya kioo.

"Umeiona? Inavuta. Pedi inayovuta ni mbovu, mzee wangu, hata ungepewa bure. Niachie hiyo nikupunguzie bei ya hii."

Wakafanya hivyo. Baba akaongeza, akaacha ya zamani, akabeba mpya.

Mpaka hapo, wapendwa, mnaona kosa? Anayeliona anyooshe mkono. Hakuna. Hata mimi ningenunua. Kijana hakudanganya, baba hakufuja, kitu ni kizuri kweli. Na alikinunua kwa upendo.

Jumapili ikafika. Baba akawasha. Kilemba cha bluu kiko kisimani, blanketi jekundu likaingia kwenye nyasi, na loo, lilivyotembea! Linaitikia dole kama wazo. Akajaribu kukimbia, likakimbia. Akajaribu kuruka, likaruka. Akaona njia ya kupanda mlimani ambayo pedi ya zamani haikumwezesha, akapanda. Huko juu kulikuwa na maua meupe, na korongo wakubwa walioinuka wote kwa pamoja, mabawa yakipiga bila sauti, wakapotea kwenye ule mwezi. Baba alitokwa na machozi kwa uzuri wa vile vitu. Akasema, mwanangu anapaswa kuona hivi. Akadhani binti anamfuata nyuma.

Aliposhuka, binti alikuwa pale pale kisimani. Baba akaweka pedi mezani aende kumimina chai. Aliporudi, nyekundu imesimama hapa, bluu imesimama pale, nyasi zinapita katikati yao. Akaona sawa, leo hatujagongana. Akafurahi.

Jumapili iliyofuata akaenda mbali zaidi. Na nyingine, mbali zaidi. Kisha ikaja Jumapili alipowasha, akaona nyasi, akaona mto, akaona kisima, na kando ya kisima hapana mtu.

Kesho yake simu ikaita dukani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Jana sikukuona."

Kimya. Kile kimya mnachokijua.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Mimi? Unikosee wewe?"

"Zamani ulikuwa unakuja," binti akasema. "Mimi nilikuwa nasimama kushoto kwako makusudi, hukujua? Nikitoka kwa wale wazee nimechoka, mgongo hauinuki, sitembei hata hatua. Nakaa tu pale kushoto. Na wewe unakuja. Pole pole mpaka unanigusa. Hata nikijua umeinuka kwenda kuchemsha chai, unakuja. Nilikuwa nalia humu chumbani, baba, halafu naona lile blanketi linakuja, nanyamaza. Sasa unasimama kule unanitazama tu. Au unakimbilia mlimani."

"Mama, sikiliza. Ile pedi ilikuwa inavuta. Ilikuwa mbovu, ndiyo maana nikanunua nyingine."

"Ilikuwa inakuleta, baba."

Hebu pokeeni hilo taratibu.

"Jumapili ile ya kwanza uliyokimbilia mlimani," binti akaendelea, "nilikuja na swali. Mkataba wangu unaisha. Nilitaka nikuulize nirudi au niongeze. Nilipanga ukishanigusa tu, napiga simu, nakuuliza. Nikangoja. Ukapita ukaenda zako. Nikasema basi, jibu ndilo hilo. Nimewaambia nabaki."

Yule baba alitaka kusema rudi. Rudi, mama, nyumba ni kubwa na mimi ni mmoja. Unajua alichosema? Alisema, "Umekula?"

"Nimekula, baba."

Simu ikakatika.

Wanaume, mbona mmeinamisha vichwa?

Baba akatoka dukani mbio. Aliacha mashine inatoa kopi, aliacha mteja mdomo wazi. Akafika kwa yule kijana anahema, akaiweka pedi ya ndama kaunta.

"Chukua. Hela sidai. Nipe ile yangu."

"Ile? Mzee wangu, ile nimeshaipasua. Vitufe nimemwekea mtu kwenye pedi yake, ganda nimetupa. Kwani hii ina kasoro gani?"

"Haivuti."

Kijana akacheka. Akadhani mzee anamtania. Akamtazama vizuri, akaona hakuna utani hapo, macho ya mzee yamejaa maji. Akaacha kucheka.

"Mzee wangu, wewe unataka nini hasa? Unataka kwenda kushoto?"

"Nataka kwenda kushoto."

"Sasa si usukume tu?"

Baba alisimama pale. Watu wanaingia, watu wanatoka, yeye amesimama. Si usukume tu. Miezi yote ile alikuwa anamfikia mwanawe bila kwenda. Alikuwa anapelekwa. Ubovu ndio uliokuwa unampenda mtoto kwa niaba yake, yeye anakunywa chai. Na sasa ameshika kitu kizima, kinachotii, ambacho hakitampeleka popote asipotaka mwenyewe.

Akairudisha pedi kwenye mfuko. Akamwandikia binti ujumbe: "Mama, Jumapili njoo kisimani. Tafadhali." Lile tafadhali hajawahi kuliandika maishani.

Jumapili hiyo hakuchemsha chai. Alikaa, akawasha, akangoja. Nyasi zinalala zinainuka. Mwezi uko pale pale. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu, na alianza kukata tamaa. Kisha kilemba cha bluu kikatokea, mbali sana, kushoto, hakikuja hata kisimani. Kikasimama.

Baba akaweka dole gumba kwenye kijiti, akasukuma kushoto. Blanketi jekundu likaanza kutembea. Taratibu, hakukimbia, aliogopa kumtisha. Maua meupe yako mlimani, hakuyatazama. Korongo wakainuka, akawaacha waende. Kushoto, kushoto, dole linauma, kushoto, mpaka likamgusa begani. Hakutoa dole. Aliendelea kusukuma, kidogo kidogo, kama ile mbovu ilivyokuwa inafanya.

Simu ikaita. Akaipokea kwa mkono mwingine.

"Baba, umeirudisha ile mbovu?"

"Hapana, mama. Haipo tena. Ni hii hii mpya."

"Mbona inavuta kushoto?"

"Haivuti," baba akasema. "Huyu ni mimi."

Kimya tena. Lakini kimya cha leo kilikuwa na kilio ndani yake, huku na kule. Baadaye sana binti akavuta pumzi, akauliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza tangu aondoke.

"Baba, chumba changu bado umekijaza marundo ya karatasi za dukani?"

"Nitayatoa."

"Lini?"

"Leo."

"Yatoe," binti akasema. "Mkataba sijausaini bado. Nitawaambia sibaki."

Basi, huo ndio mfano.

Sasa tuje kwetu sisi. Msinitazame hivyo, mlijua tutafika.

Mnalikumbuka paa letu la zamani? Hebu semeni ukweli, lilikuwa linavuja au halivuji? Linavuja! Upande wa kulia wote ulikuwa wa mvua, na huku kwetu mvua haina adabu. Tulikuwa tunafanyaje? Tunasogea kushoto. Wote. Tunabanana kwenye mabenchi ya kushoto, kule kwa Bibi Tumpe na ndoo yake ya kukingia maji. Mtoto wa huyu amepakatwa na yule. Ukikohoa, mwenzako anasikia, Jumatatu anakuletea asali. Ulikuwa huhitaji kupenda watu wakati huo. Mvua ilikuwa inakusogeza. Na wakati chai ya mashamba yetu ilipokosa bei, mkesha wa Ijumaa ulikuwa unajaa mpaka nje. Tulidhani tunamtafuta Mungu kwa bidii zetu. Zilikuwa ni shida zetu zinatuvuta.

Tukaomba, tukachanga, tukalinganisha mabati ya bei hii na ya bei ile, kamati ikagombana, tukachukua yaliyo bora. Nayashukuru mabati. Sina ugomvi na mabati, wajumbe wa ujenzi msinune. Ni mazuri, hayavuji hata tone. Na tangu siku hiyo kila mtu ana benchi lake na nafasi yake na mkoba wake pembeni. Tumetulia tuli. Kila mmoja amesimama kwenye nyasi zake, anamtazama mwenzake kwa mbali, na wengine tunapanda milima yetu tunatazama maua.

Bibi Tumpe aliumwa. Mlijua? Hakuja hapa Jumapili kadhaa, alilala ndani, jirani tu ndiye aliyempikia uji. Nani kati yetu aliona pengo lake? Zamani tungeona, maana tungekuwa tumekaa karibu naye tukikimbia maji. Sasa hatukuona. Na yeye, kama yule binti, labda amesema moyoni, nimewakosea nini?

Je, tuombe Mungu atuvujishie tena paa? Atuletee njaa ndipo tujuane? Atupe ugonjwa ndipo tupige magoti? Tunangoja kuvutwa mpaka lini? Ametupa afya, ametupa mabati, ametupa miguu miwili inayotii. Kushoto ni pale. Si usukume tu?

Bibi amerudi leo. Amekaa pale pale pake, benchi la mbele kushoto, peke yake, mnamwona kisogo. Bibi, samahani, nimekutaja bila ruhusa. Kwaya, kaeni kwanza, hakuna wimbo sasa hivi. Mpiga kinanda, toa mikono. Hakuna mvua leo na paa ni zima, kwa hiyo atakayesogea, amesogea yeye. Mzee Ambakisye, umeshaamka vizuri. Anza wewe.